Kuvu Inayofukuza Sumu Shambani

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio lililegezwa kwa sharti: mzigo uje na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, yenye soko kubwa la nafaka la Kibaigwa, namba hiyo inagusa mfuko wa kila mkulima. Inagusa na uhai. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hii katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa.

Inayotengeneza sumu hii ni kuvu ya udongoni, Aspergillus flavus. Mvua ikikatika wakati mahindi yanabeba au karanga zinajaa, mmea hudhoofika na kuvu hupata mwanya. Ukame wa namna hiyo Kongwa inaujua tangu mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjika baada ya miaka michache. Kuanika juu ya turubai na kuhifadhi vizuri kunasaidia sana, lakini hakuondoi sumu iliyoingia mazao yakiwa bado shambani, na hata kupika hakuimalizi.

Watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na wenzao wa hapa Tanzania waliitafuta dawa mle mle udongoni. Walipata jamii za kuvu hiyo hiyo ambazo kwa asili haziwezi kutengeneza sumu. Vinasaba vyake havikuguswa, jambo ambalo wengi huuliza kwanza. Hupakwa kwenye mtama uliokaangwa usiote, na mkulima humwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu isiyo na sumu hula mtama ule, huzaliana na kuwahi nafasi ambayo ingeshikwa na ile yenye sumu. Ikitumika inavyopaswa, sumu hupungua kwa asilimia 80 au zaidi. Bidhaa hiyo, Aflasafe, ilisajiliwa Tanzania mwaka 2018.

Ugumu uliobaki ni wa biashara. Sumu haina rangi wala harufu, kwa hiyo gunia safi na gunia chafu huweza kuuzwa bei moja, na aliyegharamia kinga akaambulia hasara. Elimu ya uhifadhi, kama inayokusudiwa katika kituo kilichojengwa Mtanana, hapo hapo Kongwa, ni muhimu, lakini naamini kipimo kinahitajika pale pale mnunuzi anapohesabu fedha. Bei ya mahindi yaliyopimwa itangazwe kabla ya kupanda, mkulima apige hesabu ya kilo zake nne mapema.