Mikeka ya Samoa na wateja wake wa ughaibuni

Tarehe 1 Agosti 2021, katika ukumbi wa Auckland Town Hall, Waziri Mkuu wa New Zealand wa wakati huo, Jacinda Ardern, alifunikwa mkeka mkubwa mweupe mbele ya hadhara. Mkeka ulipoondolewa ndipo akaomba radhi kwa misako ya alfajiri ya miaka ya 1970, polisi walipokuwa wakivamia nyumba za wahamiaji wa visiwa vya Pasifiki. Wasamoa huita tendo hilo ifoga: mkosaji hujifunika mkeka na kungoja aliyekosewa aufunue. Vyombo vya habari vilishughulika na siasa yake. Ukurasa huu unauliza mkeka wa namna ile husukwa na nani, na nani hutoa fedha.

Unaitwa 'ie toga, au 'ie Samoa. Haukaliwi wala haulaliwi. Husukwa kwa majani ya jamii ya mkadi, mti ambao wanawake wa mwambao wetu wanaujua zaidi kwa maua yake ya kunukia. Miiba huondolewa, upande wa juu wa jani hutenganishwa na wa chini, kisha majani hulowekwa baharini na kuanikwa mpaka yawe meupe. Baada ya hapo huchanwa chane nyembamba mno, na hapo ndipo bei inapoamuliwa. Mkeka wa chane pana humalizika kwa wiki chache. Ule wa chane laini kabisa, unaokunjika mithili ya hariri, huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Pindo hupambwa manyoya mekundu. Zamani yalikuwa ya kasuku, leo aghalabu ni ya kuku yaliyotiwa rangi.

Mahitaji hayatoki kwa watalii. Yanatoka kwenye harusi, misiba, kutawazwa kwa matai, yaani wakuu wa koo, na uzinduzi wa makanisa. Familia inayokwenda mazikoni bila mikeka inajiaibisha, na inayopokea nayo itatakiwa kurudisha siku nyingine. Kwa hiyo mkeka mmoja unaweza kuzunguka nyumba nyingi, na kadiri unavyozeeka na kubeba majina ya waliowahi kuumiliki ndivyo heshima yake inavyopanda. Ni mali isiyochakaa kwa hesabu za kawaida za mhasibu. Watawala wa kikoloni hawakuielewa: katika miaka ya 1920 utawala wa New Zealand chini ya George Richardson ulipiga marufuku mabadilishano hayo ukiyaona ni upotevu, na manung'uniko yakaongeza kuni kwenye Mau, vuguvugu la Wasamoa lililopinga utawala huo.

Tatizo la soko hili ni lile linaloikumba sarafu yoyote. Hesabu ya mikeka ilipogeuka kipimo cha heshima, watu walianza kusuka mingi, mikubwa na ya chane pana, ili rundo lionekane. Ufundi wa chane laini ukabaki mikononi mwa bibi wachache. Serikali ya Samoa ilianza kuwahimiza wanawake wa vijijini warudie usukaji wa zamani, na mwaka 2019 UNESCO ikauingiza mkeka huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sifa hiyo ni nzuri, lakini haimlishi msukaji.

Kilichomlisha ni mpango wa malipo. Vimbunga Ofa, mwaka 1990, na Val, mwaka 1991, viliangusha mashamba. Mwaka 1993 ugonjwa wa majani ukateketeza majimbi yaliyokuwa zao kuu la kuuza nje, na familia za vijijini zikahitaji kipato kingine. Shirika la Women in Business Development, lililoanzishwa mwaka 1991, liliona kwamba mwanamke wa kijijini hawezi kusuka mwaka mzima akingoja hela siku ya mwisho. Likamtafutia mfadhili, mara nyingi ndugu aliye ng'ambo, wa kulipa kidogo kidogo kila wiki kazi inapoendelea kukaguliwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililookoa ufundi huo kuliko hotuba zote, kwa sababu liligusa mfuko wa mama huyo mapema.

Ng'ambo ndiko hasa fedha ziliko. Samoa ina watu wapatao 200,000, na sensa ya New Zealand ya 2018 ilihesabu zaidi ya Wasamoa 180,000 nchini humo. Fedha zinazotumwa nyumbani na walioko nje ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya pato la taifa. Fedha huja, mikeka huenda.

Jirani zao wa Tonga wameipanga biashara hii zaidi. Katika katoanga, kundi la wanawake wa visiwani hukubaliana na kundi la wenzao wa Auckland au Sydney: wa visiwani wanaleta mikeka na vitambaa vya magome, wa ng'ambo wanaleta pesa, kila mmoja na mwenzake aliyepangiwa. Wako pia wakopeshaji wa rehani mjini Nuku'alofa wanaopokea mikeka kama dhamana. Mwenye shida ya ada ya shule huacha mkeka na kuchukua mkopo. Asipoukomboa, mkeka huuzwa, na mnunuzi huwa mtu mwenye harusi au msiba ambaye hakuwahi kusuka wala kurithi. Wengi huona haya kuonekana mlangoni pale, ila biashara inaendelea, na bila ya kukusudia imewapa mikeka bei ya fedha taslimu inayoweza kuulizwa waziwazi.

Mwenye kutaka kujua mustakabali wa biashara hii aangalie misiba ya Auckland. Vijana waliozaliwa huko wanalipa kodi ya nyumba na mikopo ya magari, na baadhi ya familia sasa huomba wageni walete bahasha badala ya mikeka, au huweka kikomo cha idadi. Kikomo hicho kitawaumiza wasukaji wa chane pana kwanza. Mtu anayeruhusiwa kupeleka mkeka mmoja tu hatapeleka mbovu, na bibi wa chane laini anaweza kujikuta na oda nyingi kuliko anazoweza kuzimaliza.