Sampho, Ngoma Inayoongoza Ibada za Kambodia

Ndugu askari wanajua jinsi ngoma inavyoongoza hatua za gwaride. Huko Kambodia, ibada za mahekaluni na michezo ya kifalme huongozwa vivyo hivyo na kundi la wapigaji liitwalo pinpeat, lenye marimba, zumari, matuazi na patu zilizopangwa kwa duara.

Mtoa mwendo ni sampho, ngoma ya nyuso mbili ipigwayo kwa viganja. Huaminiwa kuwa imebeba roho ya mwalimu. Kwa hiyo kabla ya mchezo hutolewa sadaka za kuwaheshimu waalimu, wazima na waliofariki.

Kwa desturi nyimbo hizo hazikuandikwa, bali zilihifadhiwa vichwani mwa waalimu. Ndiyo maana utawala wa Khmer Rouge, mwaka 1975 hadi 1979, ulikaribia kuzifuta: wasanii wengi mno waliuawa, au walikufa kwa njaa na kazi za sulubu. Wachache waliosalia walikusanyika Phnom Penh, wakakumbushana, wakawafundisha watoto. Mwaka 2003 UNESCO iliutangaza mchezo huo wa kifalme kuwa urithi wa wanadamu.

Basi alindaye mipaka ya nchi na awalinde pia wazee wenye kuikumbuka.