Ukitumwa Nairobi na Kikundi, Saa za Kungoja Zisipotee Bure



Kila kikundi kinachouza kitu, au kinachofuata barua au cheki yake, siku moja itabidi kimtume mtu Nairobi. Nauli hutoka kwa sanduku la kikundi, yaani ni pesa za akina mama waliotoa shilingi hamsini hamsini kila juma. Mjumbe akifika anaambiwa, "Mkubwa hayuko, rudi kesho." Sasa siku nzima iko mikononi mwake. Ataifanyia nini? Hilo ndilo tunataka kuzungumzia, kwa sababu sisi wenyewe tulikosea kwanza ndipo tukajifunza.

Kikundi chetu kiko upande wa Makueni. Tunasuka vyondo vya katani, na wengi wetu tuna miembe shambani. Mwezi wa pili tulitumwa watu watatu, mama wawili na mzee mmoja, kupeleka vyondo arobaini kwa mnunuzi anayeuza nchi za nje. Tulifika Jumanne. Tukaambiwa mwenye kutia sahihi malipo amesafiri, turudi Alhamisi. Kurudi nyumbani na kuja tena ni nauli mara mbili. Tukalala kwa jamaa Eastlands.

Jumanne hiyo tuliipoteza kabisa. Tuliketi kwenye ngazi za jengo la mnunuzi mpaka jua likatuchoma. Saa nane mzee wetu akasema anakwenda kunyoosha miguu. Alirudi amenyamaza. Alikuwa amesimama mahali wanapocheza pata potea, akaona mtu ameshinda mara tatu, naye akaweka mia tano. Yule aliyeshinda alikuwa mwenzao. Mzee alikubali tuandike jambo hili mradi tusimtaje jina. Tunaliandika kwa sababu mtu asiye na la kufanya mjini hutambulika mara moja, na wako watu ambao kazi yao ni kumtafuta huyo.

Usiku tulifanya kile tulichopaswa kufanya kabla ya kutoka nyumbani. Tulichukua daftari tukaandika maswali ya kikundi. Embe linauzwa ngapi mjini? Chondo kama chetu kinauzwa ngapi, na kwa nini? Je, vyombo vya kulishia kuku vinapatikana kwa bei gani kule vinakotengenezwa? Maswali matatu tu, lakini asubuhi tulijua tunakokwenda.

Jumatano saa kumi na moja alfajiri tulikuwa Marikiti, yaani soko la Wakulima, karibu na Muthurwa. Ukienda saa nne umechelewa, kwa maana biashara ya jumla huanza usiku malori yanapoingia, na jua likitoka wakubwa wameshanunua. Hapo tuliona maembe kama yetu yakiuzwa shilingi 18 moja kwa jumla. Dalali alikuwa ametulipa shilingi 6 chini ya mti. Mama mmoja wetu alitaka kulia. Alisema, "Kumbe tunaibiwa hivi!"

Lakini hebu tuende polepole hapa, kwa sababu vikundi vingi hukasirika halafu havifanyi hesabu. Tulimkuta mama mmoja muuzaji, mtu mwema, akatueleza zile shilingi 12 zinavyokwenda. Kuna wachumaji na makreti. Kuna lori, na lori hulipwa sawa likijaa au lisipojaa. Kuna ushuru wa kaunti njiani na tena sokoni. Kuna wapagazi wa kushusha. Halafu kuna yanayooza, na siku ya joto hayo si machache. Tuliandika yote. Kwa hesabu yetu gharama zilifika kama shilingi 5 kwa embe lori likiwa limejaa. Zilizobaki 7 ni za dalali, naye pia siku nyingine hupata hasara. Basi si kwamba tunaibiwa shilingi 12. Tunapoteza 7, na tunazipoteza kwa sababu hakuna kikundi kimoja kwetu kinachoweza kujaza lori peke yake. Hilo ni jambo tofauti, na lina dawa yake: vikundi vinne vichume siku moja. Tungeketi kwenye ngazi siku mia tusingelijua.

Shauri moja kuhusu soko: usianze kwa kuuliza bei kama mpelelezi. Nunua kitu kidogo, salimia, sema unatoka wapi. Na usimpige mtu picha kwa simu bila kumwomba, wengi watakudhania wa kanjo. (Wenzetu wa viazi, mkiwa hapo angalieni magunia. Kanuni za serikali za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Mkiona lumbesa bado inapita, jueni anayeumia ni nani.)

Kutoka Marikiti mpaka Kamukunji ni mwendo wa miguu. Utasikia nyundo kabla hujaona watu. Mafundi wa jua kali wanakaa mamia kwa mamia wakigonga mabati: jiko, sufuria, masanduku ya wanafunzi, toroli, karai. Tulipata chombo cha kulishia kuku kwa bei karibu nusu ya ile ya dukani kwetu. Hatukununua kumi. Tulinunua kimoja tu, tukakibeba nyumbani, na fundi wetu wa bati ameshakiiga. Fundi wa Kamukunji mwenyewe alituonyesha mahali pa kukunja ili kuku wasimwage chakula. Hakutudai kitu.

Mchana tulifika Kariokor, na hapo tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Ni soko la vyondo, viatu vya ngozi na shanga. Jina lake limetokana na Carrier Corps, wale Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu vya Kwanza. Tulitazama vyondo kimoja kimoja. Vya kwetu vimesukwa vizuri, hata vizuri zaidi, hatusemi kwa kiburi. Lakini vyao vimetiwa mikanda ya ngozi na bitana ndani, na rangi zake hazichuji ukisugua na kitambaa chenye maji. Tulisugua chetu, kitambaa kikawa chekundu. Jambo hilo mnunuzi wetu hajawahi kutuambia kwa miaka miwili. Alikuwa akipunguza bei tu.

Mzee wetu, ambaye tangu Jumanne hakuwa na maneno mengi, alitukumbusha habari ya Kariokor ambayo aliipata kwa baba yake. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwachukulia Wakamba ng'ombe kwa nguvu na kuwauza, ati ni wengi kuliko malisho. Maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Walipiga kambi hapo Kariokor majuma kadhaa. Nao waliambiwa warudi nyumbani, wakakataa. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini mwaka huo huo serikali iliacha mpango wa kuuza ng'ombe kwa nguvu. Barabara inayopita City Market ina jina lake. Tulikuwa tumeipita mara nyingi bila kuuliza.

Ndiyo sababu jioni, ikiwa imebaki saa moja kabla ya kufungwa, tuliingia jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo lililo kati ya Moi Avenue na Tom Mboya. Zamani lilikuwa benki. Malipo ni kidogo, beba kitambulisho. Chini kuna vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966: viti, vitambaa, shanga, kutoka Afrika nzima. Huko ndani pia zimehifadhiwa ripoti za wakuu wa wilaya za wakati wa ukoloni. Kikundi chenye swali kuhusu lambo la zamani au matuta yaliyochimbwa na mwethya kingepata kitu humo, lakini si kwa saa moja. Siku hiyo miguu ilikuwa imevimba. Tulimalizia kwenye benchi la Jeevanjee tukila mahindi ya kuchoma, na hiyo pia tunaihesabu kuwa matumizi mazuri ya wakati, kwa maana mtu aliyechoka hukubali bei yoyote asubuhi yake.

Alhamisi tulimwona mnunuzi. Safari hii hatukusimama tukingoja tupewe. Tulimwambia tumeona Kariokor, tukamwuliza angeongeza ngapi vyondo vikiwa na ngozi na rangi isiyochuja. Aliongeza, si sana, lakini aliongeza, na akatutajia mahali pa kununua rangi.

Kwenye mkutano wa kikundi mambo hayakuwa laini. Mweka hazina alisoma gharama: nauli, chakula siku tatu, chombo kimoja cha kuku. Wengine walinong'ona kwamba tulikwenda kutembea. Tukafungua daftari tukasoma kila bei, mahali na saa. Ile mia tano ya mzee haikuwa ya kikundi, lakini aliitaja mwenyewe mbele ya watu, na manung'uniko yakapungua.

Mambo madogo kwa watakaofuata. Pigeni simu kabla ya kutoka, muulize jina la mwenye kutia sahihi na kama yupo. Ofisi nyingi hufungwa saa saba mpaka saa nane. Pesa kubwa zikae kwenye simu, na za mkononi ziwekwe mahali pawili. Msitembee Gikomba au Kamukunji na mzigo wa kuuza mgongoni. Na mtoke wawili au zaidi, mmoja akiwa anajua kuandika haraka.

Daftari sasa liko kwa katibu. Vikundi vinne vimekubali kukutana mwezi wa kumi na moja kuhusu lori, kabla maembe hayajaiva. Anayetumwa tena Nairobi atalibeba, na kurasa zilizobaki wazi ni nyingi.