Fahamu: Miji ya bara ya Hispania na sheria ya siku 90

Kutoka Washwood Heath, mashariki mwa Birmingham, si mbali hadi uwanja wenye ndege za moja kwa moja kwenda Málaga na Alicante. Wengi huishia ufukweni. Wengine hupanda bara, Ronda, Coín, Albox au Pinoso, ambako nyumba kwa kawaida ni nafuu.

Maisha yakoje?
Maduka mengi hufungwa kuanzia saa 8 hadi saa 11 jioni. Chakula cha usiku huanza saa 3. Ronda iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Januari utawasha moto ndani. Bila gari wala Kihispania, hata kumwona daktari ni shughuli.

Unaruhusiwa kukaa muda gani?
Tangu Brexit, mwenye pasipoti ya Uingereza hukaa siku 90 katika kila siku 180, kwa eneo zima la Schengen. Mfumo wa EES, ulioanza Oktoba 2025, hurekodi alama za vidole na picha ya uso mpakani. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, hata akiwa na ukaazi Uingereza, lazima aombe viza.

Vipi kununua nyumba?
Kagua hati kwanza. Mwaka 2008 nyumba ya wastaafu Waingereza huko Vera, Almería, ilibomolewa ingawa manispaa iliwapa kibali. Tafuta mwanasheria wako mwenyewe, si wa muuzaji. Na nyumba haikupi ukaazi: viza ya wawekezaji ilifutwa Aprili 2025.