Usafi wa Kinywa Bila Kivuli cha Daktari

Mtaalamu wa usafi wa kinywa ni mhudumu wa afya aliyesomea na kupewa leseni ya kusafisha meno, kupima fizi na kufundisha namna ya kuzuia maradhi ya kinywa, ilhali daktari wa meno hushughulika zaidi na kuziba, kung'oa na kutibu jino lililokwisha kuharibika. Taaluma hiyo ilizaliwa Bridgeport, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ambako daktari Alfred Fones alimfunza msaidizi wake, Irene Newman, mwaka 1906, kisha mwaka 1913 akaanzisha shule ambayo wahitimu wake waliwahudumia watoto katika shule za mji huo. Tangu mwanzo, basi, kazi hii ilikusudiwa kumfuata mtu alipo kabla jino halijamuuma.

Hata hivyo, sheria za majimbo mengi zilimfunga mtaalamu huyo chini ya usimamizi wa daktari, hadi Colorado ilipomruhusu, mwaka 1987, kufungua kliniki yake mwenyewe. California nayo ilianzisha leseni maalumu mwaka 1998, ambayo humwezesha kuwahudumia wagonjwa wasiotoka majumbani, wazee katika makao yao na wakazi wa maeneo yenye uhaba wa madaktari wa meno.

Madaktari wanaopinga uhuru huo wana hoja isiyofaa kupuuzwa, kwa kuwa doa jeupe chini ya ulimi laweza kuwa dalili ya saratani, na mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huhitaji tahadhari kabla fizi zake hazijaguswa. Lakini hoja hiyo inadai rufaa, yaani utaratibu wa kumpeleka mgonjwa kwa mwenye ujuzi zaidi, wala haidai kwamba daktari awe ndiye mwenye kliniki; ndiyo maana California humtaka mtaalamu wa leseni hiyo awe na makubaliano ya maandishi na daktari wa meno kwa ajili ya ushauri, rufaa na dharura.

Ifahamike pia kwamba, awe chini ya daktari au katika kliniki yake mwenyewe, mkono unaofanya kazi ni uleule. Mtaalamu huingiza polepole kati ya jino na ufizi kijiti cha chuma chenye alama za milimita, ambacho kwenye ufizi wenye afya huzama milimita 1 hadi 3, na kikizama zaidi huku damu ikitoka, hutambua kuwa ugonjwa huenda umeanza. Kisha hukwangua ukoga, yaani uchafu uliogandamana na jino, ambao mswaki hauwezi kuuondoa.

Kwa hiyo wataalamu hawa waruhusiwe kujitegemea, mradi leseni yao isimamiwe kikamilifu, rufaa iwe wajibu wa kisheria na bima iwalipe moja kwa moja. Mzee asiyeweza kuondoka kitandani anastahili kinywa safi sawa na mtu anayeifikia kliniki kwa miguu yake.