Ordinatere ya kikundi inachelewa: tuongeze memwari au tuache?



Kikundi chetu cha akiba kina ordinatere ya mezani ambayo wengine walikwisha kuitumia kabla yetu. Inatusaidia kuandika kitabu cha akiba, barua na karatasi za shule za watoto. Watu wa nje nao wanatulipa kidogo tuwaandikie. Lakini ilianza kuchelewa. Mama sekreteri alikuwa anafungua kitabu cha akiba, anaenda kuchambua maharagi, na akirudi bado hakijafunguka. Wakati huo jenereta inakula mafuta.

Fundi mmoja akasema: "Leteni makuta, niongeze memwari." Mama kesiere akamuuliza: "Makuta ya nani?" Wiki ile ile mama mmoja alikuwa anaomba mkopo wa kulipa masomo ya mtoto. Tukakubaliana tusitoe hata franga moja mpaka tujue ugonjwa wa mashini.

Memwari ni kama meza ya jikoni, na diski ni ghala. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka kumenya ndizi unarudisha kwanza sombe ghalani. Kazi yenyewe si nyingi, ila kwenda na kurudi kunachosha. Ordinatere yenye memwari ndogo inafanya vile vile: inakwenda na kurudi kwenye diski, nayo diski ni ya polepole.

Pimeni kwanza. Fungueni kazi zote mnazofungua siku ya mkutano, kisha bonyezeni pamoja Ctrl, Maj na Échap. Tazameni palipoandikwa Performances. Kama Mémoire imejaa 90 kwa mia au zaidi, meza ni ndogo kweli. Kama Mémoire iko nusu tu lakini Disque imefika 100 kwa mia, shida iko kwenye diski, na memwari mpya haitaponya kitu. Kama saa ya mashini inapotea kila mkizima umeme, hiyo mara nyingi ni betri ndogo ya ndani, ile ya CR2032. Na kama inazimika yenyewe, tafuteni kwanza vumbi, joto au umeme mbaya.

Kwetu Mémoire ilikuwa imejaa. Bado yalibaki maswali mawili.

La kwanza: Windows yenu ni ya biti 32 au 64? Ile ya biti 32 ya nyumbani haitumii zaidi ya GB 4 hivi. Ukiongeza juu ya hapo, umetupa makuta.

La pili: bareti ya aina gani? Bareti za DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani. Kila moja ina kipengele mahali pake, na ya ordinatere ya mezani ni ndefu kuliko ya ile ya kubeba. Zimeni mashini, chomoeni waya, gusa chuma cha sanduku, kisha toeni bareti ya zamani muisome au kuipiga picha. Kwetu huku kitu kikitoka Goma kwa barabara mbaya, kukirudisha ni mateso. Ni afadhali kupoteza siku moja kuangalia kuliko kununua mara mbili.

Na tujue mpaka wa dawa hii. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai angalau GB 4 za memwari, lakini inachagua pia moyo wa mashini, na mashini nyingi za zamani zinakataliwa hata zikiongezwa bareti. Kwa hiyo msinunue memwari mkitumaini itafanya mashini ya zamani kuwa mpya.

Sisi tulikuta GB 2, Windows ya biti 64, na nafasi moja wazi ya DDR3. Tulinunua bareti moja ya GB 4 iliyokwisha kutumika, na tuliijaribu mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Makuta hayakutoka kwenye akiba wala kwenye sanduku la msaada. Yalitoka kwenye kazi ya kuandikia watu. Mama yule alipata mkopo wake. Kuwaka bado kunachukua muda, kwa sababu diski ni ile ile, lakini kitabu cha akiba sasa kinafunguka upesi.

Fundi alituambia jambo moja lililotufanya tucheke kwa uchungu: vipande vya bareti vinashikwa kwa bati, na bati inatoka kwenye kasiterite, kama ile inayochimbwa Bisie, hapa hapa Walikale. Inatoka kwetu kwa kilo, inarudi kwetu kwa dola.

Wamama, hata mashini ikikimbia, daftari la karatasi lisitupwe. Na kila mwisho wa mkutano, nakili kitabu kwenye flashi, na flashi ilale nyumba nyingine.