Nguo inabadilika, lugha inabaki: Marivaux katika filamu ya L'Esquive



Wengi wetu tulikutana na jina la Marivaux katika kozi ya Kifaransa kule sekondari. Mimi nilikariri mwaka wa mchezo wake na majina ya wahusika, nikapata pointi zangu, basi. Sikucheka hata mara moja, na kumbe ule ni mchezo wa kuchekesha! Nilikuja kuuelewa miaka mingi baadaye, siku nilipoangalia filamu ya L'Esquive kwenye kompyuta ya rafiki. Leo nataka niwaeleze filamu hiyo inafanya nini na mchezo ule, juu naona inatugusa sisi wenye kushika diploma.

Tuanze na mchezo wenyewe. Le Jeu de l'amour et du hasard ulichezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1730. Silvia, binti wa bwana tajiri Orgon, ametafutiwa mchumba, Dorante, ambaye hajamwona bado. Anaogopa. Anaomba abadilishane nafasi na mtumishi wake Lisette, ili amchunguze kijana bila kujulikana. Kumbe Dorante naye amewaza vilevile: anafika amevaa kama boyi, na boyi wake Arlequin anajifanya bwana. Baba anajua yote, lakini ananyamaza. Basi Silvia anaona haya kwa kumpenda "boyi", Dorante anateseka kwa kumpenda "mtumishi", na Lisette na Arlequin kila mmoja anafikiri ameokota tajiri.

Sasa angalieni vizuri. Baada ya fujo yote hiyo, nani anapata nani? Tajiri anampata tajiri, mtumishi anampata mtumishi. Nguo zilibadilika, lakini namna ya kusema ilibaki. Arlequin amevaa koti la bwana, lakini akifungua kinywa tu, umeshamjua.

Abdellatif Kechiche, mzaliwa wa Tunis, hakutaka kutuonyesha tena majumba ya zamani. Filamu yake, iliyotoka Ufaransa mwaka 2004, iko katika mtaa wa magorofa wa Seine-Saint-Denis, kando ya Paris, ambako wakaaji wengi ni watoto wa wahamiaji. Wanafunzi wanajizoeza kucheza mchezo huohuo wa Marivaux. Lydia ni Lisette, Frida ni Silvia. Krimo, kijana mnyamavu ambaye baba yake yuko gerezani, anampenda Lydia lakini hajui atamwambia aje. Anampa Rachid vitu ili amwachie nafasi ya Arlequin. Njo vazi lake hilo: maneno ya mtu mwingine, apate kusema ya kwake.

Inashindikana. Krimo anasoma kama mtu anayesoma orodha ya majina. Mwalimu anamsukuma acheze, afurahi, atoke ndani yake, mpaka anapandisha sauti. Krimo anaacha yote. Siku ya mchezo wenzake wanacheza ndani, yeye yuko nje, anawaangalia kupitia dirisha.

Mwalimu huyo alikuwa ameshawaeleza darasani: hata wakijificha, tajiri anamtambua tajiri na maskini anamtambua maskini, hali uliyozaliwa nayo inakushika. Lakini kuna Lydia. Yeye anagombana kwa maneno ya mtaani, kisha anafungua feni yake ya mkononi na Kifaransa cha 1730 kinamtoka kama chake. Kwa hiyo lugha ile inaweza kujifunzwa. Kechiche anaweka wote wawili mbele yetu: aliyeingia, na aliyebaki nje. Mwaka 2005 filamu ilipata tuzo nne za César, pamoja na ile ya filamu bora.

Juu ya nini nawaandikia haya? Mwaka wa kwanza wa iniversite tulikuwa na mwenzetu aliyetoka kijijini. Siku ya ekspoze yake alichanganya "le" na "la". Auditwari nzima ilicheka, na mimi nilikuwa wa kwanza. Alimaliza kusoma macho chini. Mwaka ule wote hakuinua tena mkono, na katika hesabu alikuwa anatushinda sisi wote. Alipoacha masomo, nilisema ni shida ya minervali. Labda ni kweli. Lakini nilipomwona Krimo kwenye dirisha, nilimwona yeye, na mpaka leo sijamwomba msamaha.

Someni mchezo kwanza, ni mfupi, vitendo vitatu tu. Halafu tafuteni filamu. Wanasema mbiombio sana, msikate tamaa dakika za mwanzo.

Na mniambie: katika auditwari yenu, nani alichekwa akanyamaza? Yuko wapi sasa?